Uzi: Msimu wa Halloween na mapipi ya Marekani, sisi tulio kwenye dayati tunavukaje hapa?

#1 shifti_ya_usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari zenu.

Najua kuna watu wakiona tu neno Halloween wanapita juu kwa juu, naombeni mkae kidogo maana leo siongelei mizimu wala mavazi ya kutisha, naongelea pipi. Sisi tunaoishi huku Marekani na tuko kwenye dayati, iwe ya kupunguza kilo au ya kushusha sukari, huu msimu unatutesa na hatuusemi, mtu akisema ameshikwa na hamu ya tamu anaambiwa jikaze, basi imeisha hiyo. Sasa jikaze ina mpango gani ndani yake jamani?

Mimi nalea wazee, zamu ya usiku, Minnesota. Majibu yangu ya A1C, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, yaliangukia kwenye ile 5.7 mpaka 6.4 ambayo huku wanaihesabu kwamba kisukari hujakipata ila umekikaribia, ikifika 6.5 ndio tayari. Mama yangu anacho. Nayajua maisha ya sindano na ya kukagua miguu kila jioni kama kuna kidonda, kwahiyo nikikwepa pipi nalinda macho yangu na figo zangu, habari ya gauni kunibana iko mbali sana na mimi.

Tuje kwenye mada. Halloween yenyewe ni usiku mmoja, tarehe 31 Oktoba, watoto wanapita nyumba kwa nyumba masaa mawili matatu, wanagonga, unawawekea pipi kwenye ndoo zao wanashukuru wanaenda. Ingekuwa huo usiku tu nisingeleta uzi. Lakini mifuko ya Halloween inapangwa madukani toka mwezi wa nane unaishia, watoto ndio kwanza wananunuliwa madaftari, ikipita sikukuu inashushwa bei, hujakaa sawa Thanksgiving imeingia na mapai yake, halafu Krismasi. Miezi minne mfululizo unatembea katikati ya sukari.

Na pipi za msimu huu ni ndogo, hapo ndipo wengi wanaponaswa. Snickers, Twix, Kit Kat, Reese's, zote zinafungwa vipande vidogo vya kugawa, kimoja unakimaliza kwa kutafuna mara mbili na akili haikihesabu kabisa kama chakula. Soma nyuma ya mfuko uone. Kipande kimoja kidogo cha Snickers ni kama kalori 80 na sukari gramu 8 na kitu. American Heart Association wanashauri mwanamke asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, mwanaume 36. Vipande vitatu tu, vile unavyokula umesimama unaongea na simu, vimemaliza siku yako yote, chai bado, mkate bado, na mkate wa huku nao una sukari. Halafu angalieni pale juu wanapoandika kiasi cha kula mara moja, mara nyingi namba zile ni za vipande viwili au vitatu, mtu anasoma haraka anadhani ni za mfuko mzima.

Kazini kwetu kuna boga la plastiki la rangi ya chungwa, linakaa kaunta ya manesi pembeni ya simu. Ndugu wa wazee ndio wanaolijaza, wanaleta kwa upendo kabisa na wazee wenyewe wengi hata hawaruhusiwi kula. Ikifika saa tisa usiku wazee wamelala, wa kugeuzwa umeshawageuza, wa kubadilishwa umeshawabadilisha, umekaa unaandika ripoti, zile taa nyeupe zinawaka utosini, na hapo inaingia njaa ya usingizi. Wanaofanya usiku wananielewa, mwili unataka kulala lakini unakuomba sukari. Mkono unaenda wenyewe kwenye boga, unasikia karatasi zinalia huku na huku, kila mtu anatafuna na hakuna anayehesabu.

Niliongea na nesi wetu wa zamu, mama wa Kimarekani mtu mzima, nikamwambia hali ya kipimo changu na nikaomba boga lihamie chumba cha kupumzikia, juu ya kabati. Alikubali palepale, tena akasema na yeye limekuwa likimsumbua. Likikaa kule mpaka unyanyuke, utembee korido nzima, ufungue mlango, unyooshe mkono juu, na wengi wetu tukifikiria hiyo safari tunaendelea na ripoti. Mwanzo wa zamu nakula chakula cha kweli, sio biskuti, ni maharage na mboga na kipande cha kuku au samaki, halafu saa nane usiku mayai mawili ya kuchemsha na karanga kidogo, na nikimaliza napiga mswaki. Ule mswaki wa saa nane usiku umenisaidia kuliko maneno yote ya kujitia moyo, mdomo ukiwa na dawa ya meno chokoleti haina ladha.

Nyumbani nina sheria moja, pipi hailali ndani. Mfuko nanunua tarehe 31 yenyewe nikitoka kazini au jioni ya tarehe 30, unakaa kwenye buti la gari mpaka mtoto wa kwanza agonge. Nanunua zile nisizozipenda, Skittles na vijiti vile vya kulamba, kamwe sinunui Reese's maana karanga na chokoleti pamoja najijua. Huku taa ya kibarazani ikiwaka ndio watoto wanajua hii nyumba inagawa, ukiizima umefunga. Ikikaribia saa mbili usiku wale wa mwisho nawapa kwa viganja, chukua mwanangu, chukua tena, na wale vijana wakubwa wa sekondari ambao majirani wanawanunia mimi nawakaribisha kwa mikono miwili, wanabeba zote, nazima taa.

Ila hali ya hewa muihesabu. Minnesota watu bado wanasimulia Halloween ya 1991, theluji ilianza kuanguka tarehe 31 mchana na haikukata mpaka imefika inchi 28 na zaidi hapa Minneapolis, kule Duluth karibu 37. Hata mwaka wa kawaida kukiwa na baridi ya upepo watoto wanakuja wachache, na mfuko uliobaki nusu ni wa kwako wewe. Kwahiyo angalia utabiri kabla hujalipia.

Naomba michango, hasa mnaofanya maofisini na wenye watoto.

#2 boksi_la_ohio

Dada asante sana kwa huu uzi, umenikuta penyewe. Mimi niko Columbus, nabeba maboksi kwenye ghala, kila mwaka supavaiza anatuletea makarai ya pipi kwenye mkutano wa kuanza zamu, unapewa mkononi kabisa na kukataa inaonekana kama unadharau. Na ile kazi ni ya nguvu, unatembea zamu nzima, mwili unakudanganya kwamba hii nitaichoma tu.

Nimeanza kupungua toka mwaka huu mwanzoni kwa kuacha soda peke yake, ile kopo moja ya Coke ina gramu 39 za sukari nami nilikuwa nakunywa kazini kila siku, sasa sitaki Oktoba inirudishe kule. Swali langu, ukipewa mkononi unafanyaje bila kuleta maneno? Na kuna mtu aliniambia ni bora kununua zile za sukari feki, zina ukweli?

#3 mtumishi_katika_shamba

Bwana asifiwe wapendwa. Kwa heshima ya mleta uzi, mimi naona mnahangaika na matawi. Hii sikukuu ina asili ya kipagani, mkristo na muislamu wa kweli hana biashara nayo. Usipoisherehekea hutakuwa na pipi, usipokuwa na pipi hutakuwa na majaribu. Funga mlango, zima taa, soma neno, lala. Kwangu ndivyo tunavyofanya na watoto wangu wameshazoea.

#4 shifti_ya_usiku

Mtumishi ubarikiwe, na nyumba yako uiongoze unavyoamini, sina neno na hilo. Lakini pipi za Oktoba haziulizi kama unasherehekea. Boga la kazini kwangu hakuna aliyeniuliza dini yangu kabla ya kuliweka. Ukienda benki kuna bakuli kaunta, ukienda kukata nywele kuna bakuli, mtoto akienda shule anarudi na kifuko amepewa na mwalimu. Na makanisa mengi tu ya huku yanaalika watoto kwenye maegesho yao wakati huohuo, magari yanapangwa buti wazi yamepambwa, watoto wanapita gari kwa gari wakiokota pipi, lengo likiwa ni hilohilo lako la kuwaepusha na mizimu, na ndoo inarudi nyumbani imejaa vilevile. Kwahiyo hata aliyezima taa anahitaji mpango, mtumishi, na mimi nazungumzia huo.

Kaka wa Ohio, ukipewa mkononi pokea. Pokea kwa mikono miwili, sema asante, tia mfukoni. Hakuna atakayekufuata kuangalia kama umeila. Mfuko wa koti la kazini uwe kituo tu, ukitoka pale kuna sanduku au kuna mwenzako anayependa, mpe kabla hujafika kwenye gari lako. Ndani ya gari ndio hatari, uko peke yako, umechoka, foleni, redio inaimba, pale ndio zinaliwa zote.

Na ile habari ya kuichoma kwa kazi, hesabu mwenyewe. Vipande vinne ni kama kalori 300 na kitu, karibu sahani ndogo ya wali na maharage, lakini wali na maharage ungekaa nao masaa manne umeshiba. Pipi baada ya saa moja unatafuta nyingine.

Kitu kingine, sio lazima ugawe vya kula. Kuna nyumba utaona wameweka boga limepakwa rangi ya bluu ya kijani nje ya mlango, ule ni mpango wa shirika la watu wenye mzio wa vyakula, FARE, waliusambaza nchi nzima mwaka 2014, maana yake hapa tunagawa pia vitu visivyo chakula kwa ajili ya watoto ambao karanga au maziwa yanawadhuru. Vijiti vya kung'aa gizani, stika, penseli, mipira midogo inayodunda. Watoto wanavipenda kweli, vile vijiti vya kung'aa wanavigombania, na ukibakiwa na penseli unazipeleka shule.

Hilo la sukari feki nawaachia manesi na wafamasia wa humu.

#5 mama_wa_ubuyu

Uzi mzuri sana wifi yangu. Mimi niko Maryland, hizo chokoleti zao hazinisumbui hata chembe, kwanza ni tamu mpaka zinakereketa. Mimi nimejiwekea tende. Kila nikisikia hamu nakula tende zangu za Medjool nne tano na kahawa chungu kama kwetu, nashukuru Mungu. Na ubuyu nikipata mtu anayetoka Zanzibar. Hivi ni vitu vya asili, mwili unavijua.

#6 nesi_wa_dozi

Naomba niingie hapa, ni nesi, wodi ya magonjwa ya ndani, Texas, nakutana na hii kila Novemba.

Dada wa ubuyu, tende ni chakula kizuri, ina nyuzinyuzi na madini, sikatai, na kwenye futari mbili tatu ni sunna nzuri. Ila Medjool moja kubwa ina sukari kama gramu 16. Ni sukari yake ya asili, haihesabiwi pamoja na ile ya kuongezwa, lakini kipimo cha damu hakijui imetoka Zanzibar au imetoka kiwandani. Nne tano unaongelea gramu 64 mpaka 80. Kwa mtu asiye na shida na anayetembea sawa, kwa mtu aliye mpakani kama mleta uzi, moja inatosha na aile baada ya chakula, sio tumbo tupu. Ubuyu wenyewe, unga wa ndani, ni mchachu na hauna tatizo, sukari ni ile inayopikiwa na rangi.

Kaka wa Ohio, hizo pipi zisizo na sukari soma viungo vyake. Nyingi zimewekwa maltitol au sorbitol. Maltitol bado inapandisha sukari ya damu, kidogo kuliko sukari ya kawaida lakini inapandisha. Na zote mbili zikizidi tumbo linajaa gesi na kuharisha, yaani mtu anakula nusu mfuko akijua yuko salama halafu zamu nzima anaishia chooni. Kipande kimoja viwili havina neno. Usinunue ukidhani umepewa ruhusa ya kula bila kuhesabu.

Sasa hili ndilo hasa limenifanya niandike, na naomba wenye wazazi huku walisome. Kama unatumia insulini, au vidonge vya aina ya glipizide au glimepiride, usije ukaanza dayati ya kukata kila kitu ghafla kwa sababu ya hofu ya Halloween bila kuongea na daktari wako, hizo dawa zinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Metformin peke yake ni nadra kukushusha hivyo. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, kichwa chepesi, pima, ikiwa chini ya 70 kwenye mashine ya kidole (mg/dL) kunywa juisi nusu kikombe, yaani kama gramu 15 za sukari, subiri dakika 15, pima tena. Na hapo chokoleti sio dawa. Watu wengi wanakimbilia Snickers, mafuta yaliyomo yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, unaendelea kuzama huku unatafuna. Juisi, au soda ya kawaida, au vile vidonge vya glukosi vitatu vinne. Hapo sukari ni tiba, usiogope kwamba umevunja dayati.

Na mtu akipoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, piga 911.

#7 mtoto_wa_uvira

Bandugu salamu. Mimi niko Des Moines, Iowa, tuko wengi huku wa Kongo na Burundi. Huku kwetu ilikuwa na desturi yake, miaka mingi watoto walikuwa wanapita tarehe 30 Oktoba, sio 31, wanaita Beggars' Night, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, na mtoto hapewi pipi bure, lazima kwanza atoe kichekesho. Watoto wetu walikuwa wanafanya mazoezi ya vichekesho wiki nzima, Kiingereza chao kimeimarika kwa hiyo tu.

Ninachotaka kusema, mimi nimekaa kambini miaka mingi kabla ya kuja huku. Mtu aliyekaa kambini chakula hakitupi. Kuona pipi inaenda kwenye taka inaniuma, basi wengi wetu tunakula sio kwa hamu, tunakula ili isiharibike. Mama yangu akiona ndoo ya watoto anasema kuleni kuleni, kesho hamjui. Sasa ana presha na sukari inapanda. Hili mnalisemaje? Maana kumwambia mama atupe chakula siwezi.

#8 chuma_cha_pua

Wakuu mimi nitatofautiana na mleta uzi kidogo. Hizi habari za kuhamisha boga na kuficha kwenye buti naona ni kuipa pipi heshima kubwa mno. Mimi nafunga, nakula mara moja kwa siku, sukari sigusi, sio Oktoba, sio Krismasi, sio birthday ya mtoto. Ukishajiambia mimi sili sukari, imeisha. Mwenye kujipa ruhusa ya kipande kimoja ndiye anayepata shida maana kila siku analumbana na nafsi yake. Nawashauri wote kateni kabisa, wiki mbili za kwanza kichwa kitauma, baadae unasahau.

#9 shifti_ya_usiku

Nesi ahsante mno, ile ya chokoleti na sukari kushuka nimeipeleka kwenye grupu la familia sasa hivi.

Chuma, nakuheshimu na nakubali kwamba kwa watu wengine kukata kabisa ni rahisi kuliko kupunguza, kuna mtu kipande kimoja kwake hakipo, kikiingia kimoja mfuko umeisha, huyo akate. Lakini wewe kama nakumbuka kwenye ule uzi wa kufunga ulisema unafanyia kazi nyumbani, kompyuta, na unaishi peke yako. Usinielewe vibaya kaka yangu. Nani anaweka bakuli mbele yako? Mimi ninapofanya kazi kuna watu wanane kaunta moja, nyumbani kuna wapwa zangu wawili na dada yangu, na dada yangu anapenda Kit Kat. Nguvu ya kukataa saa mbili asubuhi umelala vizuri na nguvu ya kukataa saa tisa usiku hujalala ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wengi wa kwetu huku wako kwenye hiyo ya pili, kazi mbili, usingizi wa masaa manne, chakula ndani ya gari. Mtu kama huyo ukimwambia aamue tu kwa moyo unamwonea. Msogezee bakuli mbali kwanza, mlishe kwanza, halafu uongee naye habari za moyo.

Na kufunga kwako sawa, ila mwenye dawa za sukari asikuige bila daktari, nesi ameshaeleza hapo juu.

Tena kuna jambo la saa. Toka 2007 huku saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani siku chache tu baada ya Halloween. Hapa Minnesota ghafla jua linazama saa kumi na moja jioni. Kutembea jioni kunakufa, baridi imeingia, watu wanajifungia ndani na televisheni na ndoo ya watoto iko juu ya friji. Mimi kilo za huu msimu naona zinapatikana wiki hiyo ya kwanza ya Novemba kuliko usiku wa Halloween wenyewe. Kwahiyo kutembea nimehamishia asubuhi nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, maana nikishavua siendi tena.

Ndugu wa Uvira, lako limenigusa sana na nimelifikiria kabla ya kujibu. Mama yako yuko sahihi, chakula hakitupwi, na mimi sitamfundisha mtu aliyeiona njaa. Lakini pipi ukimpa mtu mwingine hujaitupa. Kuna madaktari wa meno wanaonunua pipi kutoka kwa watoto baada ya Halloween, wanawalipa kwa uzito, na sehemu nyingi wanakusanya kupeleka kwa wanajeshi walioko nje ya nchi, shirika la Operation Gratitude limefanya hivyo miaka mingi. Piga simu kwa daktari wa meno wa watoto wako uulize kama wanapokea mwaka huu. Mwambie mama hizi zinakwenda kwa askari walioko mbali na nyumbani, nadhani yeye mwenyewe atazifunga.

#10 boksi_la_ohio

Dah, hiyo ya mfukoni na kwenye gari nimeicheki, ni kweli tupu, foleni ya kutoka maegesho tu nishamaliza.

Sasa dada niulize la mwisho, watoto. Nina wawili, wa miaka sita na wa tisa. Wametembea baridi yote wamerudi na ndoo zao, ni jasho lao. Nikiwanyang'anya naonekana mkatili, nikiwaachia zinakaa jikoni mpaka Krismasi na mimi nazipitia kila nikienda kunywa maji.

#11 mama_wa_ubuyu

Nesi nimekusikia kuhusu tende, nitakula moja na nitaila baada ya chakula, asante kwa kuniambia kwa adabu.

Kaka wa Ohio hapo kwa watoto naomba nijibu mimi, nimelea wanne huku. Usinyang'anye. Usiku huo waache wamwage ndoo zote sakafuni, wapange, wabadilishane, wanapenda hiyo kuliko hata kula, utawaona wanahesabu kama wafanyabiashara. Wale watakazotaka usiku ule, wewe umeshawapa chakula kabla hawajatoka kwahiyo hawatakula nyingi kama unavyoogopa. Halafu kila mtoto achague zake, wangu nilikuwa nawaambia chagua kumi na tano unazozipenda kweli, weka kwenye mfuko wako wenye jina lako. Zilizobaki walikuwa wananiuzia mimi, nawapa dola kadhaa au tunakwenda kununua daftari la kuchorea, na zinaondoka kesho yake asubuhi. Ile mifuko yenye majina inakaa chumbani kwao au kabati la juu, sio jikoni, na baba mtu anajua kwamba akichukua moja kwenye mfuko wenye jina la mtoto, mtoto atajua. Watoto wanahesabu hao, usicheze nao.

#12 shifti_ya_usiku

Mama nakushukuru, hiyo ya majina nahamia nayo kwa wapwa zangu.

Nyongeza moja tu kaka. Ukishazitoa nyumbani, tarehe 1 Novemba usipite ile njia ya maduka yenye mifuko ya nusu bei. Mwenye watoto anajiambia nanunua ya mwakani, chokoleti ya mwakani haipo, wala kabati la kuitunzia halipo. Kama kuna kitu lazima ununue siku hiyo ingia na orodha mkononi, anzia upande wa mboga, lipia, toka. Na maboga yenyewe, yale ya kweli ambayo hayajachongwa, siku hiyo yanauzwa bei ya kutupa, chukua mawili, huku wengi wanayatupa hawajui kuyapika. Mimi nayachemsha na tui la nazi kidogo na chumvi, sukari siweki, wapwa zangu wanakula mpaka wanalamba sahani.